Siku Niliyowafundisha Watu wa Dipu Habari za Amerika na India

Nikiwa kijana, kabla sijaoa, kabla hata ya uhuru, kazi yangu ilikuwa kushika waya juu ya paa. Ilikuwa huko Timboroa, kwenye shamba la mzungu mmoja wa pareto, na hasa nilikuwa nimeandikwa kuchota maji na kupasua kuni za jikoni, lakini yule mzungu alikuwa na redio kubwa kama kabati, na ile redio ilikuwa na waya mrefu uliotoka dirishani ukapanda mpaka juu, na upepo wa Timboroa mnaujua (kama hamuujui, shukuruni), ulikuwa ukiuangusha ule waya kila mara, basi ikifika saa ya habari ananiita, "Boi! Juu!" nami napanda, nashika waya kwa mkono mmoja na bomba la moshi kwa mkono mwingine, mvua inaninyeshea, na huko chini namsikia anacheka au anatukana, kulingana na habari ilivyo. Sikuelewa hata neno moja. Lakini nilijua kwamba yale maneno yanatoka mbali, yanapita mkononi mwangu ndipo yafike kwake, na nikaona si haki mtu apitishe maneno ya dunia nzima mkononi halafu yeye mwenyewe asibaki na hata moja. Nikasema siku moja nitakuwa na yangu.

Mtasema mzee huyu anaanzia mbali. Ni kweli. Mtu mwenye aibu ya kueleza huizunguka kwanza, kama ng'ombe anayeogopa dipu: ananusa, anarudi nyuma, anajifanya ameona nyasi kule, mpaka apigwe fimbo. Basi nijipige fimbo mwenyewe. Aibu yangu ni kwamba nilisimama mbele ya watu wote wa dipu yetu, nimevaa koti na tai, nikaomba kura, nikapata sifuri. Sisemi chache. Sifuri. Na mke wangu alikuwepo.

Redio yenyewe nilikuja kuipata miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na boma langu huku nyuma ya Kapsoya, wakati ule bado ni mashamba na mikaratusi, na mtu akisema anaenda tauni anamaanisha kutembea hadi Eldoret kwa miguu, viatu mkononi ili visichafuke, avivae akifika. Ilikuwa redio ndogo ya mawe manne, haya mawe ya kutia kwenye tochi, na mimi na redio ile hatukuachana. Nilikamua nayo. Nililima nayo ikining'inia shingoni. Watu wakaniita Arap Redio, na mke wangu, Mama Chebet, alisema siku nikifa atanizika upande mmoja na redio upande wa pili, asikie nani atanyamaza kwanza. Shule niliachia darasa la pili, lakini nilikuwa nimejiunga na ngumbaru, yale masomo ya watu wazima pale kanisani, na nilikuwa nasoma kwa kufuata kidole, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo msiniulize mambo ya Amerika na India niliyasoma katika kitabu gani. Niliyasikia.

Sasa dipu. (Wenye Kiswahili chao huita josho, lakini huku kwetu ukisema josho watu watakuuliza ni nani huyo.) Ni ule mtaro mrefu wa simiti uliojaa maji yenye dawa, ng'ombe anarukia upande mmoja, anaogelea, anatokea upande mwingine akipiga chafya, na kupe wanakufa. Dipu yetu ilikuwa moja, na watu walikuwa pande mbili. Kulikuwa na Juu, wale wa kule kwenye mwinuko, na Chini, sisi wa karibu na kinamasi. Jumanne ndiyo siku ya dipu, na Juu ndio walioingiza ng'ombe wao kwanza, wengi, wachafu, wenye matope mpaka mgongoni, halafu mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja aliyeitwa Maiyo, naye ni wa Juu, anaongeza maji bila kuongeza dawa, halafu ndipo sisi wa Chini tunaambiwa, haya, leteni. Tulikuwa tunaosha ng'ombe kwa supu ya ng'ombe wa wengine. Mwaka ule ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ilinimalizia ng'ombe watatu. Nilibaki na mtamba mmoja tu, mweupe wa madoa, jina lake Sirwet, ana mimba yake ya kwanza, na kila asubuhi nilikuwa namshika masikio nikiyapekua ndani kama karani anayepekua faili, natafuta kupe. Huyo ndiye aliyenifanya nitake uenyekiti. Sitaki mfikiri ilikuwa ukubwa. (Haya, ukubwa ulikuwepo kidogo. Neno "mwenyekiti" ni tamu mdomoni. Lakini hasa ilikuwa Sirwet.)

Na mpango nilikuwa nao, mpango mzuri, ambao niliupata kwenye redio. Kulikuwa na kipindi cha Kiswahili kutoka ng'ambo, jioni tatu mfululizo, mtu mwenye sauti ya upole akieleza jinsi nchi mbili kubwa zinazopiga kura, Amerika na India, zinavyojitawala kwa majimbo, na jinsi majimbo ya hii si kama majimbo ya ile. Nilisikiliza mpaka uji ukapoa. Kesho yake nikaenda kuyamwaga yote kwa Njoroge.

Njoroge alikuwa na duka pale njia panda. Watu wake walitoka kule Nyeri, yeye mwenyewe alifika huku akiwa mtoto mgongoni, akafuga ng'ombe sita upande wetu wa Chini, na ndiye aliyeniuzia mawe ya redio, kwa hiyo unaweza kusema habari zote nilizozijua zilipitia kwake. Tulikaa juu ya magunia, mke wake akatuletea githeri.

"Amerika," nikamwambia, "majimbo yalikuwepo kwanza. Yalikuwa kama majirani kumi na watatu, kila mmoja na boma lake na sheria zake. Wakakaa wakasema, tujenge nyumba moja kubwa hapo katikati, tuipe kazi chache, vita na pesa na barua na mambo ya nchi za nje. Mengine kila mtu abaki nayo kwake. Mpaka leo mwizi wa jimbo hili anafungwa kwa sheria nyingine na wa jimbo lile kwa nyingine."

"Na India?"

"India nyumba kubwa ndiyo inayoshika. Ni kama mama mwenye watoto wengi, kila mtoto ana lugha yake, mama akawagawia vyumba. Na mama akitaka anakata chumba kimoja kiwe viwili. Mtoto akivuruga chumba chake, mama anaingia, anashika funguo, anakaa humo mpaka mambo yatulie, halafu anatoka."

Njoroge akatafuna kwanza. Alikuwa mtu wa kutafuna kwanza. Akainua kijiko. "Basi Amerika ni hii githeri. Yote iko kwa sufuria moja, lakini ukiangalia, hindi ni hindi na haragwe ni haragwe. India ni mukimo. Imepondwa. Lakini kama mwenye kuponda ana akili, bado unaona punje za mahindi ndani."

Nawaambia ukweli, yule wa redio alichukua jioni tatu na hakusema vizuri hivyo. Tulicheka mpaka mke wake akaja kuangalia kama kuna mtu amepaliwa. Halafu nikamwambia vile ninataka kufanya na dipu: Juu wawe na siku yao na kamati yao ndogo, Chini tuwe na siku yetu na kamati yetu ndogo, lakini dawa na kipimo na ufunguo wa stoo viwe na kamati kubwa, na upande wowote ukizimua dawa, kamati kubwa inaingia na kushika funguo. Kama India. Sikutaka Amerika. Amerika ni nzuri kwa watu wanaoaminiana, mimi nilikuwa namjua Maiyo.

"Ni mpango mzuri," Njoroge akasema. "Watu wangu wote watasimama nyuma yako, na wale wa kinamasi pia. Utamshinda mchana kweupe. Lakini Redio, nisikize. Siku hiyo chifu atawapa dakika chache za kuongea. Wewe sema dawa. Sema maji. Sema Nyayo. Kaa chini."

"Na mambo ya India?"

"India iko na watu wake wa kuisemea."

Wale vijana wanaosoma haya pengine hawajui kilichomfanya Njoroge aseme hivyo. Miaka ile chama kilikuwa kimoja, na Nyayo ndiyo ilikuwa kauli ya rais, ukiitamka unanyoosha kidole kimoja juu. Neno majimbo lilikuwa limezikwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na kulikuwa na watu waliolipwa kuangalia kaburi lake kama kuna udongo uliochimbuliwa. Na kwa mtu kama Njoroge, ambaye watu wake walitoka kwingine, neno hilo lilikuwa na maana moja tu: siku ya kufungiwa mizigo na kuambiwa rudini kwenu. Mimi nilijua haya. Niliyajua kama unavyojua kuna nyuki kwenye mzinga. Lakini nilidhani mtu akitaja Amerika na India, zilizo mbali namna hiyo, nyuki hawatajua ni wao.

Na namna ya kupiga kura ilikuwa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Wagombea wanasimama mbele, na wewe unayempenda unaenda kusimama nyuma yake, mchana, watu wote wanakuona, na aliye na laini ndefu ndiye mshindi. Walianza nayo kwa mambo ya siasa, ikashuka mpaka kamati za shule, ikashuka mpaka dipu.

Siku yenyewe niliamka mapema, nikamkamua ng'ombe wa jirani niliyekuwa nimeazimwa, nikavaa koti langu la kanisani na tai ya Njoroge (tai pia ya kuazima, sasa mnaona hata shingo haikuwa yangu siku ile). Mama Chebet aliniangalia akasema, "Baba Chebet, unaenda kuomba uenyekiti wa kupe au unaenda kuoa?" Lakini akanipangusa kola kwa kidole chenye mate, kwa hiyo nilijua yuko upande wangu.

Watu walikuwa wengi pale uwanjani karibu na dipu. Chifu aliketi mezani na karani wake. Na pembeni ya chifu kulikuwa na mtu wa miwani myeusi na koti la mvua, na jua lilikuwa linawaka. Hakuna aliyemtambulisha. Kogo mmoja, bibi mzee ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, alikuwa ameketi mbele kabisa na kikopo chake cha maziwa cha kubebea dawa, na aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wasiosikia, "Na huyu ana ng'ombe wangapi?" Watu wakacheka. Jibu lilikuwa hana hata mmoja. Ningekuwa na akili ningejiuliza mtu asiye na ng'ombe anatafuta nini kwenye dipu, lakini nilikuwa nanyoosha tai.

Maiyo akaitwa kwanza. Akasema dawa, akasema maji, akasema Nyayo, na angekaa chini hapo mambo yangekuwa mazuri, nami ningesema vilevile, laini ingejipanga, na leo mngekuwa mnaniita mwenyekiti mstaafu. Lakini kabla ya kukaa aliniangalia, akawaangalia watu, akasema, "Mimi sikusoma. Na sina aibu. Angalau sijaketi ngumbaru na ndevu zangu, natamka a-e-i-o-u mbele ya msichana mdogo wa kufundisha."

Uwanja wote ulicheka. Njoroge pia nilimwona akifunika mdomo. Hata mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli, lakini iliniuma, na hapo ndipo nilipoamua. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo, ungetoshea kwenye kiberiti. Nilisema moyoni: nitawaongezea elimu kidogo. Kidogo tu.

Chifu akasema, "Haya, Mzee, dakika zako."

Nikasema dawa. Nikasema maji. Watu wa Chini wakapiga makofi. Halafu nikasema, "Ndugu zangu, kuna nchi mbili kubwa duniani." Nikaona Njoroge, kule nyuma, akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwona mtoto akipanda ukuta.

Niliwapa yote. Niliwapa majirani kumi na watatu na nyumba ya katikati. Niliwapa mama na vyumba. Nikawaambia kwamba Amerika kila jimbo, kubwa na dogo, hupeleka wazee wawili katika baraza la juu, hata kama jimbo lenyewe ni watu wachache na milima, lakini India wenye watu wengi hupeleka wengi, na nikauliza, sasa dipu yetu ifuate ipi? Lile neno nililisema mara ngapi sijui. Mama Chebet anasema alihesabu tisa halafu akaacha, akawa anaomba.

Ukimya ulianza. Mimi nilidhani ni ukimya wa ngumbaru, ule wa watu wanaoingiwa na elimu. Nikapanda moto.

"Mimi ningependa ya India," nikasema, "kwa sababu pale, upande ukivuruga, yule mkubwa anaingia anaondoa serikali ya pale."

Chifu akainua macho. "Nani anaondoa serikali?"

"Rais wa India, Chifu."

"Anaondoa serikali ya nani?"

"Ya jimbo, Chifu. Si yake. Yake inabaki." Nikaona hilo halijakaa vizuri. "Kule Amerika ndiko rais hawezi. Amerika gavana anaondolewa na watu wake wenyewe."

"Watu?" akasema chifu.

"Kwa kura, Chifu. Kwa heshima kabisa."

Karani alikuwa ameacha kuandika, kalamu iko hewani. Lakini yule wa miwani myeusi alikuwa ametoa kidaftari, na yeye hakuwa ameacha. Nikajua nimekanyaga mahali. Na mtu aliyekanyaga matope afanye nini? Asimame. Mimi nilikimbia, ndani zaidi. Nikasema tuache hayo ya serikali, ni chakula tu, ni githeri na mukimo, na nikaanza kuwaeleza watu wote ile ya Njoroge, mahindi ni mahindi, maharagwe ni maharagwe, kila moja inajijua, iko sufuria moja lakini inajijua.

Kutoka upande wa Juu mtu akaita, "Mzee Redio! Na maharagwe yatachambuliwa lini?"

Hakuna aliyecheka. Wale watu wa Njoroge walikuwa wamesimama pamoja karibu na mti wa mkaratusi, na niliona wanawake wawili wakiwavuta watoto wao karibu, hivi, bila kuangalia, kama unavyomvuta mtoto lori likipita. Nikamtafuta Njoroge kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitaka kusema, hapana, ni yeye aliyenipa huo mfano, muulizeni, ni mfano wa mapenzi, na nawashukuru malaika wangu kwamba angalau hapo nilifunga mdomo, maana jina lake lingeingia kwenye kile kidaftari pamoja na langu. Katika yote niliyosema siku ile, hilo nisilolisema ndilo ninalojivunia.

"Umemaliza?" chifu akauliza. Hakupaza sauti. Chifu wetu hakuwa mtu mbaya.

"Nimemaliza. Nyayo," nikasema. Nilisahau hata kunyoosha kidole.

Basi tukaitwa mbele, mimi na Maiyo, tukasimama kama hatua kumi kati yetu, uso kwenye dipu, mgongo kwa watu. Chifu akatoa amri kwamba mgombea asigeuke, ili asiwatishe watu kwa macho. Halafu akapuliza filimbi. Nikasikia miguu, miguu mingi, nyasi zikilala. Nilisimama wima. Nilikuwa nimeanza kujifariji: nilisema watu wa Chini wanajua ng'ombe wao wanakufa, India haiwahusu, watakuja. Na kweli, nikasikia mtu amefika nyuma yangu. Nikasikia pumzi. Nikasema moyoni, huyo ni mmoja, na nyuma ya mmoja huwa kuna wa pili. Nikanyoosha mabega. Mbele yangu maji ya dipu yalikuwa yametulia, ya rangi ya chai iliyokosa maziwa, na nikawa naanza kupanga: kesho ufunguo wa stoo, keshokutwa kipimo, Sirwet atazaa salama.

Nikaguswa begani. Nikageuka, amri au si amri.

Alikuwa Kogo. Amesimama na kikopo chake mkononi, na nyuma yake kulikuwa na nyasi tu, nyasi mpaka kwenye ua.

"Mwanangu," akasema, kwa ile sauti yake ambayo ingesikika mpaka Burnt Forest, "hii ndiyo laini ya dawa?"

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena maishani. Hakikuwa kicheko kibaya, sasa naweza kusema hivyo. Watu walikuwa wameogopa, na mtu aliyeogopa akipata mlango hutoka nao. Hata yule wa miwani alionyesha meno. Karani akaja, akamshika Kogo mkono kwa upole, akamwonyesha mahali pa kuketi, na mimi nikatazama ile laini nyingine. Ilianzia kwa Maiyo, ikapita mti, ikazunguka mpaka karibu na choo. Watu wa Juu. Watu wa Chini. Njoroge na watu wake, wamebanana. Na katikati, kitambaa chake cha kichwa cha kijani, Mama Chebet.

Hapa nitawaambia mambo ya baadaye, ili nisiyarudie. Yule wa miwani hakunifanya kitu. Nafikiri Kogo ndiye aliyeniokoa: utamwandikaje mtu kuwa hatari kwa nchi ikiwa mfuasi wake mmoja ni bibi anayetafuta dawa ya kupe? Mama Chebet sikumuuliza. Yeye mwenyewe alisema jioni ile, akipuliza moto, bila kugeuka, "Yule mtu alikuwa anaandika. Ningesimama nyuma yako angetuandika wawili. Watoto ni sita, Baba Chebet. Wakikuchukua wewe, lazima mmoja abaki wa kuwapikia." Halafu akanipakulia nyama ya kwanza, ambayo kwa kawaida huwapa watoto. Nikaila. Na mpaka leo nasema, kati ya serikali zote mbili nilizosifu siku ile, hakuna iliyokuwa na mtu wa kufikiri haraka kama yeye.

Na Njoroge, kesho yake nilimrudishia tai, nikaomba mawe manne ya redio. Akasema yameisha. Yalikuwa nyuma ya kichwa chake, kwenye rafu, safu mbili, mapya, yanang'aa. Mimi nikayaangalia, naye akaona nimeyaangalia. "Yameisha, Redio," akasema tena, polepole. "Pengine mwaka ujao." Akanifungia sukari nusu kilo ambayo sikuomba, akakataa kuhesabu. Nilielewa. Rafiki mwingine angeniuzia.

Miaka miwili baadaye, nasikia, kamati ilikata shauri kwamba Juu wawe na siku yao na Chini siku yao, na ufunguo wa dawa ushikwe na watu wa pande zote mbili. Maiyo ndiye aliyeleta wazo hilo. Alipigiwa makofi. Hakutaja nchi yoyote.

Nasema nasikia, kwa sababu sikuwepo. Kwa maana karani alipomaliza kuhesabu, chifu alisimama akasoma, "Mzee Maiyo, kura mia moja na arobaini. Mzee..." akatafuta jina langu kwenye karatasi, halafu akaamua kutolisoma, akasema tu, "Mwenzake, hakuna." Sirwet nilikuwa nimemleta, maana ilikuwa Jumanne, amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Nikafungua kamba. Maiyo aliniita, "Redio, si umwogeshe basi, maji yako tayari." Nikayaangalia yale maji. Nikatoa tai shingoni, nikaikunja vizuri nikaitia mfukoni kwa kuwa ilikuwa ya watu, nikapita katikati ya watu na ng'ombe wangu, wakanipisha, nikatoka langoni.

Sikurudi. Nilitafuta bomba la mkono na dawa yangu mwenyewe, na kila Jumanne, mpaka Sirwet alipozaa, na akazaa tena, na mpaka dipu yenyewe ikafukiwa wakajenga nyumba za kupangisha, mimi nilimnyunyizia ng'ombe wangu hapa nyumbani, nyuma ya jiko, sikio kwa sikio.